Shangazi, hela ya safari ninayo ila kaka nilimwambia sina

Shikamoo Shangazi, pole na majukumu.

Jina langu naomba usiliweke. Nina miaka 25, kwetu ni Isyonje, ile barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Mwezi wa saba nimemaliza mitihani ya mwisho ya shahada ya sheria kwenye chuo kimoja hapa Iringa na sasa hivi bado niko geto kwangu Kihesa, kodi nimelipa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, nasubiri matokeo halafu mahafali mwishoni mwa mwaka. Naandika hii ni saa saba usiku, baridi ya Iringa unaijua, nimejifunika blanketi mbili na usingizi hauji kwa sababu ya hili jambo.

Baba analima viazi. Mama anauza ndizi na parachichi pale barabarani kosta zinaposimama. Tumezaliwa wawili tu, kaka yangu anaendesha bodaboda Mwanjelwa, pale Mbeya mjini. Nikisema nimesomeshwa na viazi ni kweli kabisa, mkopo wa bodi nilipata ila haukutosha ada yote, iliyobaki ilikuwa inatoka shambani, na kuna mwaka viazi vilishuka bei mpaka baba akawa anafunga lumbesa, gunia limevimba juu kama lina mimba, analiuza kwa bei ya gunia la kawaida, na mimi huku najua vizuri kwamba sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Nikampigia nikamwambia baba hilo ni kosa kisheria. Akaniambia, "Mwanangu najua, ila lori likiondoka hivi viazi nitavila na nani?" Nilikosa cha kumjibu.

Sasa tatizo lenyewe. Tangu mwaka wa kwanza nina ndoto ya kusafiri na ndoto yenyewe haiishi. Kila nikitoka Iringa kwenda nyumbani basi linapita Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala mpaka Uyole, zaidi ya kilomita 300 na nimezipita sijui mara ngapi, na kila tukifika Makambako naiona reli ya TAZARA najiambia ipo siku. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, stesheni yetu ya Mbeya iko Iyunga, tangu mtoto tukienda mjini naiona na sijawahi kupanda hata kituo kimoja. Nataka nipande Iyunga nishuke Kapiri Mposhi, nichukue basi mpaka Lusaka, halafu niende Livingstone nikayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Nimesoma yana mita 108 kwenda chini, upana ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Nataka nisimame pale nilowe.

Na sio huko tu. Sisi watu wa sheria tunasoma kesi za watu wa mbali mpaka unawazoea kama majirani. Yule mama aliyekunywa soda ya tangawizi akakuta konokono kwenye chupa, ilikuwa mgahawa mmoja mji wa Paisley huko Uskoti mwaka 1928, hukumu ikatoka 1932 na ndio iliyotufundisha wote kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mlaji hata kama hakumuuzia yeye mwenyewe. Wenzangu waliandika notsi wakafunga daftari, mimi nikabaki nawaza huo mgahawa ulikuwa mtaa gani, mvua ilikuwa inanyesha au vipi, yule mama alivaa nini siku hiyo. Hata Arusha, nchi yangu mwenyewe, ambako ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mpaka 2015 na sasa ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, sijafika. Dar nimefika mara moja, tulikwenda msiba tukakaa siku mbili.

Kwa hiyo nikaanza kuweka hela. Nilinunua laptopu ya mkononi, kitufe cha N kimetoka, unabonyeza kile kimpira cha ndani, na kwa hiyo laptopu nimechapa tafiti za watu kwa shilingi 500 ukurasa kuanzia mwaka wa pili. Kuna wiki za mwisho wa muhula nilikuwa nachapa mpaka kidole kinachobonyeza N kinapata sugu. Leo hii kwenye akiba ya simu nina 640,000. Hakuna mtu anajua. Sio mama, sio rafiki yangu ninayekaa naye.

Shangazi hapa ndio naomba unisikilize vizuri. Kaka yangu alipomaliza kidato cha nne alichaguliwa kuendelea kidato cha tano. Hakwenda. Mwaka ule baba aliugua mgongo, shamba likakosa mtu, kaka akabaki, na akishabaki ndio ikawa basi. Mimi nilipoingia chuo alikuwa ananitumia elfu ishirini karibu kila mwezi, bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa ananitumia zaidi, na meseji yake ni hiyo hiyo siku zote, "Wakili kula." Mwezi wa nne mwaka huu akanipigia, injini ya pikipiki imekufa, fundi anataka laki moja na nusu, akaniuliza kama naweza kumwazima hata nusu atarudisha. Nilikuwa na zaidi ya laki tano kwenye simu. Nikamwambia kaka sina. Akasema sawa mdogo wangu usijali, soma. Pikipiki ilikaa wiki tatu imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, yeye anaendesha deiwaka kwenye pikipiki za watu, na katikati ya hizo wiki tatu akanitumia elfu kumi. "Wakili kula."

Ile meseji sijaifuta na siwezi kuifungua.

Sasa hivi nyumbani wameanzisha grupu la wasapu la sherehe ya mahafali, baba mdogo ndio mwenyekiti wa kamati, wanataka ukumbi Uyole, keki, mziki na sare za kitenge, bajeti imefika milioni moja na laki nane na kila jioni naona michango inaingia, mara shangazi elfu hamsini, mara jirani gunia la viazi. Na baada ya sherehe wote wanajua naenda Shule ya Sheria Dar, mwaka mmoja, halafu niapishwe niwe wakili nifungue ofisi Mwanjelwa. Baba ameshaanza kuniita wakili mbele za watu. Jirani yetu ana ugomvi wa mpaka na ameambiwa anisubiri mimi, nikajaribu kumweleza baba kwamba aende tu baraza la kata likawasuluhishe, ikishindikana ndio waende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, baba akasema hapana, anakusubiri wewe.

Na mi naogopa Shangazi. Mwaka 2022 redio zote zilitangaza Shule ya Sheria walikaa 633 wakafaulu moja kwa moja 26, baba alikuwa shambani na redio yake akasikia, akanipigia akaniuliza "na wewe utakuwa kwenye wale 26?" Naona kama nikiingia huko, halafu kazi, halafu ndoa, hakuna tena siku ya kwenda popote. Ni sasa hivi tu, hii miezi miwili mitatu.

Mpango wangu ni kuwaambia nimepata fildi, mafunzo ya kazini, Dar kwa wiki tatu, kumbe niko Zambia, nirudi kabla ya mahafali. Rafiki yangu wa kanisani, ambaye nimemdokeza tu juu juu kwamba natamani kusafiri, anasema mtoto wa mkulima hawezi kuwaza kutalii, hela nipeleke kwenye ada. Nisaidie. Niende kimya kimya au niachane nayo? Na je ni kosa mtu wa hali yangu kutaka kuona dunia?

Ndaga fijo Shangazi.

Binti wa Isyonje

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu, kamwene.

Nimeisoma barua yako mara mbili na nianze na lile swali la mwisho kwa sababu naona ndilo limekukaba zaidi na jibu lake ni fupi. Sio kosa. Mwambie huyo rafiki yako wa kanisani kwamba nimesema mimi. Mtoto wa mkulima anaruhusiwa kutamani maporomoko ya maji, na hela uliyoipata kwa kuchapa ukurasa kwa shilingi 500 kwenye laptopu isiyo na N ni hela ya halali ya jasho lako. Ukigawanya hiyo laki sita na arobaini kwa mia tano unapata kurasa 1,280, na hizo ni zile zilizobaki baada ya kula na kununua sabuni. Sitaki mtu akuambie ulikuwa mchoyo kwa kuweka akiba, kuweka akiba ni jambo zuri na wasichana wengi hawafundishwi.

Ila umeandika barua ndefu kuhusu Zambia na mimi nilipofika kwenye "Wakili kula" ndipo niliposimama. Nadhani na wewe ulisimama hapo hapo wakati unaandika. Mwanangu hukosi usingizi kwa sababu ya safari, watu wanapanga safari na wanalala. Unakosa usingizi kwa sababu ya neno moja ulilomwambia kaka yako mwezi wa nne, na nakuhakikishia hata ukifika Livingstone ukasimama pale ukalowa kama unavyotaka, hiyo meseji itakuwa kwenye simu mfukoni.

Kwa hiyo kabla ya kila kitu panda basi uende Mbeya. Usimpigie simu, usimtumie hela kwenye simu na meseji ya samahani, nenda Mwanjelwa mwenyewe umkute kijiweni au jioni akishapaki, ukae naye mle chakula, umwambie kaka siku ile uliyoniomba nilikuwa nayo. Mwambie kiasi chote, usimfiche hata elfu moja, mwambie ulikuwa unaiwekea nini. Halafu mpe hiyo laki na nusu. Najua pikipiki imeshatengenezwa, mpe hata hivyo, alikopa mahali huyo, hakuna bodaboda anayetoa laki na nusu mfukoni baada ya wiki tatu za deiwaka. Anaweza kukasirika. Ana haki, mwache akasirike usijitetee wala usilie ili akuonee huruma. Ila mimi kwa nilivyomsoma kwenye barua yako, mtu ambaye pikipiki yake iko chini ya turubai na bado anatuma elfu kumi, nadhani atakachouliza ni hayo maporomoko yakoje.

Sasa hiyo habari ya kudanganya fildi Dar hapana. Hapana kabisa, na sio tu kwa sababu ya uongo. Fikiria binti peke yake ameshuka Kapiri Mposhi usiku, nchi ngeni, simu imeisha chaji au imeibiwa, na duniani kote hakuna mtu mmoja anayejua yuko wapi, baba yake anajua yuko Dar, chuo hakina habari. Likikupata jambo watakutafuta Kariakoo. Mimi nina watoto wa kike wawili na hapo kwa kweli moyo ulinienda mbio. Safari yoyote utakayofanya maisha yako yote hakikisha kuna watu wawili wanajua umepanda gari gani na unalala wapi. Na treni nayo uliza kwanza pale stesheni Iyunga kama ya abiria inatembea wiki hiyo ndipo upange siku, usipange kwa kusikia.

Tukija kwenye hesabu. 640,000 ukitoa ya kaka inabaki 490,000. Hiyo haikufikishi Livingstone na kukurudisha kwa usalama na heshima yako, labda ulale stendi na ule mkavu, na sitaki. Lakini inatosha kuanza. Pasipoti ni 150,000, unakaa nayo miaka kumi, na Zambia sisi hatuhitaji viza, Malawi pia hatuhitaji, kwa hiyo ukishakuwa na kitabu chako mkononi Tunduma na Kasumulu ni milango iliyo wazi kwako mpaka utakapofika miaka 35. Nenda Uhamiaji ukakikate sasa hivi wakati una muda wa kukaa kwenye foleni. Utaona hata hofu yako ya kwamba ni sasa au basi itapungua ukiwa na kitu unachokishika. Shule ya Sheria ni mwaka mmoja. Ukiimaliza kuna kipindi cha kusubiri mpaka siku ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, hapo ndipo uiweke Zambia yako, na kwa mkono ulionao wa kuweka akiba mwaka na nusu unatosha kabisa, tafiti za kuchapa Dar ndio nyingi zaidi.

Inabaki 340,000. Laki mbili na arobaini usiiguse, ni ya chumba cha kwanza Dar, kwa sababu utakapofika kule utadaiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo na baba yako atakuwa ameshamaliza viazi. Laki moja tembea nayo mwaka huu huu.

Utaniuliza laki moja ni ya kwenda wapi. Ngoja nikusimulie kitu kwanza.

Mimi kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya huku huku Nyanda za Juu Kusini, miaka mingi. Kuna kesi moja ya mpaka wa shamba siwezi kuisahau. Wakili alikuwa kijana, amesoma huyo, vifungu anavyo kichwani anavitaja bila kufungua kitabu, sisi makarani tulikuwa tunapenda tu kumsikiliza. Mahakama ikaamua kwenda kuona eneo lenyewe. Tukafika, mvua ya manyunyu, kuna mstari wa milingoti, yaani mikaratusi, kati ya mashamba mawili. Kijana akasimama akasema mheshimiwa hakimu miti hii ni midogo, haina hata miaka minne, mpaka huu umewekwa juzi. Alisema vizuri sana. Yule bibi wa upande wa pili hakujibu kitu, akainama, akaanza kufukua majani makavu chini ya mlingoti wa kwanza kwa mikono, akatoa na udongo kidogo, tukaona kisiki, kinene hivi, cha zamani, na ile miti midogo imechipua kutoka kwenye kisiki hicho. Mlingoti ukiukata unachipua. Kila mtoto wa Mufindi anajua hilo. Bibi akahamia wa pili akafukua, wa tatu akafukua. Hakimu akaandika. Yule kijana alikuwa amesimama na viatu vyake vimejaa tope na hakusema neno mpaka tumepanda gari.

Hakuwa mjinga hata kidogo, alikuwa hajatembea tu. Alikulia mahali ambapo hakuna milingoti, akaenda chuo, akatoka chuo akaingia ofisini. Nakusimulia hivi kwa sababu hiyo hamu yako ya kujua yule mama wa Paisley alivaa nini siku ile, wewe unaiona kama kitu cha kuonea aibu kinachokuondoa kwenye sheria, na mimi nakaa naiona ndicho kitakachokufanya uwe wakili mzuri. Wakili anayejiuliza mgahawa ulikuwa mtaa gani ndiye atakayeinama kufukua kisiki. Usiiue hiyo hamu ili umfurahishe mtu.

Sasa laki moja. Umepita Makambako mara zisizohesabika, umeiona reli, na kwenye barua nzima hujataja mahali hata pamoja pa kwenu ambapo umewahi kwenda kwa kupapenda tu. Ziwa Ngozi liko mlimani hapo jirani kabisa na kwenu, Wazungu wanatoka kwao wanalipanda, je wewe umewahi? Matema umewahi kukaa pwani ile ya Ziwa Nyasa ukaangalia Milima ya Livingstone inavyoingia majini na vyungu vya Wakisi vimepangwa kwenye mchanga? Hata neno Livingstone ulilokuwa unalifuata Zambia liko hapo Kyela kwenye mlima. Na Kitulo. Kutoka Isyonje barabara ya kupandia Kitulo iko kwenu, na mahafali yako yanaangukia wakati mvua zimeanza na maua yanafunguka, wenyeji wanaita bustani ya Mungu na ukifika hutauliza kwa nini. Hifadhi ile ilitangazwa 2005, na moja ya sababu ni ile biashara ya kuchimba mizizi ya maua ya okidi inayopelekwa Zambia kupitia Tunduma, kule wanaitengeneza chakula wanaita chikanda. Unaona jinsi Zambia yako na shamba la baba yako vinavyounganishwa na kiazi kidogo cha ua? Mtu wa Makete aliyekamatwa na kiroba cha hiyo mizizi ni kesi, ina sheria ya wanyamapori ndani, ina njaa ndani, ina mpaka wa nchi ndani, na ipo huku huku kwetu.

Nenda Kitulo na kaka yako. Kwa pikipiki yake, mafuta ununue wewe, na makoti mazito kwa sababu kule juu ni zaidi ya mita 2,600 na upepo wake unakata masikio. Kama barua yako ni ya kweli hata yeye hajawahi kwenda popote kwa ajili yake mwenyewe tangu alipoacha ile nafasi ya kidato cha tano.

La wazazi. Baba yako umwambie ukweli kuhusu akiba na kuhusu Zambia ukishamalizana na kaka, tena kaka awepo, itakusaidia. Mwambie kabla ya mahafali. Usiombe ruhusa kama mtoto wa darasa la pili na wala usimtangazie kama mtu aliyeota mapembe, mkae jioni umwambie baba nina ndoto hii, naiweka baada ya Shule ya Sheria, pasipoti nimeshakata, hii hapa. Mpe aishike. Mzee aliyekulea kwa lumbesa anastahili kushika pasipoti ya mtoto wake. Na ile hofu ya wale 26 msemee pia, mwambie baba na mimi naogopa, kwa sababu nadhani mnaogopa wote wawili kila mtu kwenye simu yake. Wengi wa mwaka ule hawakufukuzwa, walipewa mitihani ya kurudia, na kelele zilikuwa kubwa mpaka serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Na hata ukichelewa kuapishwa shahada yako haitupwi, kuna uafisa sheria, kuna mashirika ya msaada wa kisheria chini ya ile sheria ya 2017, unaweza ukawa unamsaidia huyo huyo jirani wa mpaka bila joho. Kuhusu yeye uko sahihi kabisa, na usikubali aendelee kukusubiri, mwandikie kwenye karatasi kwa Kiswahili aanzie wapi aishie wapi, ataipeleka kata kesho asubuhi. Hiyo ndiyo kesi yako ya kwanza na haihitaji ofisi Mwanjelwa.

Sherehe usiizuie. Najua unaona milioni moja na laki nane na kichwani unahesabu ada, na mimi ningehesabu. Ila mama yako amesimama barabarani na ndizi miaka minne akiona mabasi ya Iringa yanapita, mwache avae kitenge. Unachoweza ni kuongea na baba mdogo wako kwa heshima, kabla bajeti haijapanda zaidi, umwombe shughuli ifanyike nyumbani Isyonje badala ya ukumbi, pilau na ndizi, mziki wa kukodi spika mbili, halafu kinachobaki kamati ikukabidhi mbele ya watu wote kama mchango wa Shule ya Sheria. Waliochanga watapenda kuona hela yao imeandikwa ada. Mwenyekiti wa kamati akiombwa mapema na kwa adabu huwa anakubali, akiambiwa wiki ya mwisho anakuwa mkali, hilo nimeliona kwenye familia nyingi.

Kodi yako inaisha mwisho wa mwezi wa tisa, kwa hiyo usingoje. Kesho kutwa panda basi la asubuhi, ukifika Uyole usishuke kwenda nyumbani kwanza, nyoosha mpaka Mwanjelwa. Na ukishaongea na kaka niandikie tena, hata mistari miwili, nitakuwa nasubiri.